UZI: Wanaanga hawaelei kwa kukosa uvutano. Njooni tubishane kwa hesabu

MizaniYaNakuru (mwanzisha uzi)

Wadau, kila kikisambaa kipande cha video cha wanaanga wakielea ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, hakosi mtu wa kuandika chini yake: "Huko juu hakuna graviti." Huandikwa hata na watu waliofaulu fizikia sekondari. Leo nimechoka kupita kimya.

Kituo kile kiko takriban kilomita 400 juu yetu. Ulaze umbali huo barabarani: hauzidi sana safari ya Kisumu hadi Nairobi. Uvutano hupungua kwa mraba wa umbali, na umbali wenyewe hupimwa kutoka kitovu cha dunia. Kutoka kitovuni hadi hapa tulipo ni kilomita 6,371. Kutoka kitovuni hadi kituoni ni 6,771. Piga hesabu, utapata kwamba kule juu uvutano umebaki karibu asilimia 89 ya huu wetu. Tungeweza kujenga mnara wa urefu huo na mtu wa kilo 70 akasimama kileleni juu ya mizani, ingesoma kilo 62. Angesimama imara, chai yake ingetulia kikombeni, na akijikwaa angeanguka.

Sasa mbona wenzetu wanaelea? Kwa sababu wanaanguka, na kituo kinaanguka pamoja nao, kwa hiyo hakuna sakafu inayowasukuma. Kituo kinakimbia upande kwa kasi ya kilomita 7.66 kwa sekunde. Ndani ya sekunde hiyo moja kinashuka mita 4.3. Lakini dunia ni ya mviringo, na katika mwendo wa kilomita 7.66 uso wake nao umejipinda na kushuka mita 4.3. Basi kinaanguka, kinaikosa ardhi, kinaanguka tena, na kila baada ya dakika 92 hivi kimekamilisha mzunguko.

Hoja yangu hasa ni hii: hakuna mtu yeyote humu aliyewahi kuuhisi uvutano. Ukikaa, unachohisi ni kiti kikikusukuma. Ukisimama, ni sakafu kwenye nyayo. Ondoa sakafu, ule uzito unaoujua unapotea palepale, na uvutano haujapungua hata chembe. Nani anapinga?

Omera_Kondele

Mimi napinga, mwalimu. Sisi tulifundishwa kwamba kuna nguvu ya kutupa nje, inalingana na uvutano, zinafutana, ndiyo maana setilaiti haianguki. Ukiwa kwenye matatu na dereva akate kona kwa fujo, si unatupwa upande wa dirisha? Hiyo nguvu imeenda wapi kwenye hesabu yako?

MizaniYaNakuru

Omera, zingefutana kweli, kituo kingekwenda mstari ulionyooka, kiende zake na tusikione tena. Kitu kisichovutwa wala kusukumwa hakipindi njia. Kule kupinda kwenyewe ndio ushahidi kwamba kuna kitu kimoja kinachovuta na hakuna wa kukipinga. Hiyo nguvu ya kutupa nje huingia kwenye hesabu pale tu unapoamua kuhesabu ukiwa ndani ya kitu kinachozunguka. Kwenye matatu, aliyesimama pembeni ya barabara anaona mwili wako ukitaka kuendelea mbele na gari likikukatia njia. Dirisha ndilo lililokujia.

Newton aliliona hili katika kitabu chake cha 1687. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia takriban mara 60 ya sisi tulivyo, kwa hiyo uvutano wetu huko ni sehemu moja ya 3,600. Ni mdogo, lakini upo. Kila sekunde Mwezi unashuka kama milimita 1.4 kutoka kwenye mstari ambao ungeufuata. Milimita moja na kitu, basi, na imetosha kuushikilia miaka bilioni nne na zaidi.

MamaViazi_Kibuye

Nyinyi endeleeni na Mwezi. Mimi nanunua viazi Timboroa nauza soko la Kibuye, Kisumu. Kuna mnunuzi aliniambia gunia hupungua uzito likishuka ziwani "kwa sababu ya graviti". Nataka kujua kama ananidanganya.

MizaniYaNakuru

Mama, amegeuza mambo juu chini. Timboroa iko juu ya Kisumu kwa kama mita 1,600. Ukishuka unakaribia kitovu cha dunia, kwa hiyo gunia linaongezeka uzito. La kilo 50 litaongezeka gramu zisizofika 25, hata kiazi kidogo hakipatikani hapo. Na hiyo utaiona kwenye mizani ya springi tu, ile ya kuning'iniza. Mizani ya mawe haitaona chochote, kwa sababu jiwe nalo limeongezeka sawasawa na viazi. Kama gunia lako linapungua kilo nzima njiani, tafuta maji yaliyokauka kwenye viazi, au mtu.

Tofauti kubwa zaidi ni ya hapa ikweta na kwenye ncha za dunia. Hapa kwetu, usawa wa bahari, kitu kinachoanguka huongeza kasi mita 9.780 kwa sekunde kila sekunde. Kwenye ncha ni 9.832. Gunia lile lile la kilo 50 lingesoma robo kilo zaidi huko kwenye barafu. Sababu ni mbili: dunia imevimba kiunoni, tuko kilomita 21 mbali zaidi na kitovu kuliko mtu wa nchani, halafu kuna mzunguko wa dunia wenyewe.

MamaViazi_Kibuye

Au mtu. Nimekuelewa kabisa.

Ukweli_Mtupu

Hapo kwenye mzunguko ndipo ninapowasubiria siku zote. Mnasema sisi wa ikweta tunazungushwa kilomita 1,670 kwa saa. Kofia ya mwendesha boda hupeperuka kwa kasi ya 60 tu. Mbona hata vumbi la Nakuru halirushwi angani? Fungueni macho, hii dunia imetulia.

MizaniYaNakuru

Kofia hupeperuka kwa sababu ya upepo unaoikabili, na hewa yetu inazunguka pamoja na ardhi. Kinachoweza kukurusha ni jinsi njia yako inavyopindwa, na dunia huipinda njia taratibu mno: inachukua siku nzima kukamilisha mzunguko mmoja. Ukihesabu, mzunguko unapunguza uzito wako hapa ikweta kwa asilimia 0.35 tu. Mtu wa kilo 70, gramu kama 240. Ili vumbi la Nakuru lianze kuelea, dunia ingelazimika kuzunguka mara 17 ya sasa, siku nzima iishe kwa saa moja na dakika 24. Kama unaamini imetulia, nieleze wewe ni nini kinachofanya mizani ya springi isome tofauti kati ya ikweta na nchani, maana hiyo imepimwa tangu enzi za saa za pendulamu.

Ukweli_Mtupu

Hizo pendulamu nani alizipima, wewe?

Kidato_Kakamega

Samahani wakubwa, nina swali. Kitabu chetu kinasema kuna nguvu nne za msingi: uvutano, nguvu ya sumaku-umeme, nguvu kali ya kiini na nguvu dhaifu. Rafiki yangu anashikilia kwamba uvutano ndio wenye nguvu kuliko zote, kwa sababu ndio unaoshika sayari na Jua. Mimi nimebisha lakini sikuwa na jibu la kumpa.

MizaniYaNakuru

Umebisha vizuri, kijana. Uvutano ni wa mwisho kabisa, tena umeachwa mbali. Chukua protoni mbili uziweke karibu. Zinavutana kwa uvutano, na zinasukumana kwa umeme kwa sababu zote zina chaji chanya. Msukumo wa umeme unauzidi uvutano huo kwa kiasi cha 1 ikifuatwa na sufuri 36. Tamko la namba hiyo sijui hata kama lina haja.

Kinachompoteza rafiki yako ni kwamba umeme una chaji za aina mbili, chanya na hasi, na ndani ya vitu vya kawaida zinafutana karibu kabisa. Mlima Elgon wote hauna chaji ya kutaja. Uvutano hauna upande wa pili. Kila gramu inavuta, hakuna gramu inayosukuma, basi ukilundika vya kutosha hadi vifike ukubwa wa sayari unabaki peke yake uwanjani.

Sasa turudi kwenye sakafu, maana watu waliipita haraka. Sakafu inakusukuma kwa nguvu gani kati ya zile nne? Ni sumaku-umeme: elektroni za nyayo zako na za saruji hazikubali kubanwa mahali pamoja. Dunia nzima, kilomita 6,371 za mwamba na chuma chini yako, inakuvuta kwa nguvu zake zote, na sentimita chache za saruji zinaikatalia. Msuguano wa breki, kamba ya ng'ombe inayokazwa, msuli wako unapobeba mtungi, hewa kwenye tairi, zote hizo ni nguvu ya sumaku-umeme. Tukiacha uvutano, karibu kila msukumo na mvuto unaoufahamu kwa mikono yako ni huo mmoja.

Kidato_Kakamega

Na zile mbili zilizobaki? Mwalimu wetu alisema "ni za ndani ya atomu" akaenda mbele.

Fundi_Naivasha

Niachieni hilo. Nafanya kazi na mvuke, basi nina sababu ya kulipenda.

Nguvu kali ndiyo inayofunga protoni na neutroni ndani ya kiini, kwa sababu protoni peke yake zingesukumana na kutawanyika. Ina mkono mfupi mno: ukitoka nje ya kiini, imekwisha. Nguvu dhaifu ina mkono mfupi zaidi, na kazi yake haivuti wala haisukumi kwa maana ya mtaani. Inabadilisha chembe kuwa chembe nyingine, kwa mfano neutroni kuwa protoni. Bila hiyo Jua lisingewaka, maana hatua ya kwanza ya kuunganisha hidrojeni inahitaji protoni igeuke neutroni. Na kwa vile ni dhaifu, hatua hiyo huenda polepole, ndiyo maana Jua halikulipuka lote kwa mkupuo.

Sasa njooni Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, hapa hapa kaunti ya Nakuru. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1981, megawati 15. Joto linalochemsha yale maji chini linatoka wapi? Takriban nusu ya joto linalotoka ndani ya dunia ni la urani, thori na potasi zinazooza polepole katika miamba (viini vya atomu zake vikigeuka vyenyewe na kutoa joto), na humo nguvu kali, umeme na nguvu dhaifu kila moja ina zamu yake. Kubwa la sehemu iliyobaki ni joto la tangu dunia inaumbwa, mawe yalipoangukiana kwa uvutano hadi yakayeyuka. Halafu jenereta yenyewe ni sumaku na nyaya. Mtu akikuuliza umewahi kuona wapi nguvu zote nne zikifanya kazi pamoja, mwambie kwenye bili ya stima.

Omera_Kondele

Jirani, hiyo ya bili imenifika. Lakini nilisoma kwamba wale wa CERN, maabara ya Ulaya ya kuchunguza chembe, walipata chembe ya Higgs 2012 na ndiyo inayoleta uzito. Sasa uvutano si ndio huo?

Fundi_Naivasha

Hapana. Hayo ni mambo mawili. Higgs inahusu kwa nini chembe za msingi, kama elektroni na kwaki (zile zinazounda protoni na neutroni), zina tungamo, yaani kiasi cha maada. Uvutano ni kile ambacho tungamo na nishati hufanya baadaye. Halafu kuna jambo magazeti hayakulisema kwa sauti: kwaki tatu zilizo ndani ya protoni, ukijumlisha tungamo lao, ni kama asilimia 1 tu ya protoni nzima. Iliyobaki ni nishati ya mwendo wa kwaki hizo na ya nguvu kali inayozifunga. Ukipanda mizani, karibu yote unayosoma ni nishati iliyofungiwa.

Wakili_Milimani

Nimesoma kimya hadi hapa. Mwanzisha uzi anasema hakuna aliyeuhisi uvutano. Kama hauhisiki, na kila mara kinachohisika ni sakafu, kwa nini tuuite nguvu?

MizaniYaNakuru

Wakili, hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri, na ndilo lililompeleka Einstein kwenye nadharia yake ya 1915. Kila kitu huanguka kwa namna moja bila kujali uzito. Mnamo 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, akaachia nyundo na unyoya wa ndege kwa pamoja, vikagusa chini pamoja. Hakuna nguvu nyingine yenye tabia hiyo. Umeme hauvisukumi vyote sawasawa. Einstein akasema basi huenda uvutano si mkono unaovuta, ila ni umbo la mahali na wakati ambamo vitu vinapita.

Watu huieleza kwa kutandaza shuka na kuweka mpira mzito katikati. Mimi siupendi mfano huo, maana mpira unazamisha shuka kwa sababu ya uvutano uliopo tayari, kwa hiyo unaeleza kitu kwa kukitumia chenyewe. Chukua huu wa kwetu. Mtu mmoja asimame kwenye alama ya ikweta pale Maseno, mwingine kwenye ile iliyo karibu na Mogotio. Kati yao ni kama kilomita 150. Wote waelekee kaskazini kabisa, bila kupinda kushoto wala kulia. Wameanza sambamba. Wakifika usawa wa Saint Petersburg watakuwa wamebakiza kilomita 75 kati yao, na kwenye ncha watagongana vichwa. Hakuna aliyewavuta. Uso waliotembea juu yake ndio uliopinda.

Na usidhani ni falsafa. Saa za setilaiti zinazomwonyesha mwendesha boda njia zinakwenda mbele ya saa za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku, kwa sababu wakati wenyewe hupita tofauti uvutano ukipungua na kasi ikiongezeka. Saa hizo zisingerekebishwa, ramani ingekosea zaidi ya kilomita 10 ndani ya siku moja. Ungeagiza chakula Kondele kikapelekwa Kiboswa.

Wakili_Milimani

Kwa hiyo ni nguvu au si nguvu?

MizaniYaNakuru

Inategemea unahesabu nini. Kwa daraja, kwa ghorofa, kwa kurusha setilaiti, hesabu za Newton zinatosha na iite nguvu tu. Kwa saa za setilaiti hazitoshi. Wanafizikia wenyewe bado wanaihesabu kati ya zile nne, ingawa zile tatu zina nadharia ya kwantumu (fizikia ya chembe ndogo kabisa) inayofanya kazi na huu uvutano bado haujapata yake iliyothibitishwa.

Mvuvi_Dunga

Mimi nina la Mwezi. Ndugu yangu yuko Mombasa, anasema bamvua likija maji yanapanda zaidi ya mita 3 kutoka yalipopwa. Sisi huku Ziwa Victoria halijui kujaa wala kupwa. Mwezi ni ule ule. Au maji ya chumvi ndiyo yanayovutwa?

MizaniYaNakuru

Chumvi haihusiki. Kinachojaza bahari ni tofauti ya mvuto kati ya sehemu na sehemu: upande wa dunia ulio karibu na Mwezi unavutwa zaidi kidogo kuliko kitovu, na upande wa mbali unavutwa pungufu kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo mno, inahitaji bahari ya maelfu ya kilomita ili maji yasogee pembeni na kurundikana. Kisha umbo la pwani linaongeza au kupunguza. Ziwa letu ni la kilomita mia tatu na kitu. Mwezi unalivuta lote karibu sawasawa, na kujaa kwake hakufiki sentimita chache, basi wimbi la mtumbwi mmoja linakuficha. Ukiona maji yamepanda Dunga kwa saa chache, ni upepo umeyasukuma ghubani. Yakipanda kwa miezi kama 2020, ni mvua.

Ukweli_Mtupu

Haya. Na yule jamaa wa ikweta anayemwaga maji kwenye karai lenye tundu? Upande wa kaskazini yanazunguka hivi, kusini yanazunguka vile, kwenye mstari yananyooka. Nimeona kwa macho yangu. Hiyo nayo utaikataa?

MizaniYaNakuru

Nitaikataa kwa furaha, ingawa inakusaidia wewe kukubali kwamba dunia inazunguka.

Athari ya mzunguko wa dunia kupindisha maji na hewa ipo kweli. Ndiyo inayozungusha vimbunga, kama Idai kilichoipiga Beira, Msumbiji, 2019, na ndiyo sababu vimbunga haviundiki ikweta kwetu. Lakini nguvu yake inategemea umbali wako kutoka ikweta, na kwenye ikweta yenyewe ni sufuri. Jamaa wa karai husogea hatua chache tu. Ukiwa mita 10 kutoka kwenye mstari, ardhi chini ya karai inajizungusha kama meza kwa mwendo wa kukamilisha mzunguko mmoja kwa zaidi ya miaka 1,700. Karai lake linaisha maji kwa dakika.

Mnamo 1962, mhandisi Ascher Shapiro alilijaribu karibu na Boston, Marekani, mbali kabisa na ikweta, kwa tangi la upana wa karibu mita 2. Ilibidi aache maji yatulie siku nzima, na achomoe kizibo kwa uangalifu mkubwa, ndipo athari ya dunia ionekane. Kinachozungusha maji ya karai ni jinsi yalivyomiminwa. Mwangalie mikono: akiwa kaskazini humimina kutoka ubavu mmoja, kusini ubavu wa pili, au hujigeuza na karai mkononi kabla ya kuliweka chini.

Ukweli_Mtupu

Kwa hiyo ni mwongo?

MamaViazi_Kibuye

Ni mfanyabiashara. Mwambie aliache karai litulie hadi kesho yake asubuhi ndipo azibue, na wewe umshikie kizibo. Hatakubali, ana wageni wengine wanangoja.